Barua ya wazi: Mwanza tunaomba chumba kimoja cha asili ya binadamu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Na Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza.

Waheshimiwa, salaam kutoka Ilemela.

Ninaomba chumba kimoja. Kiwe hapa Mwanza, kifunguliwe hata Jumamosi, na mtoto wa Igoma, Buswelu au Misungwi aingie bila kiingilio aone sisi binadamu tumetoka wapi na tumefikaje hapa. Sidai jengo jipya wala hafla ya kuweka jiwe la msingi. Mawe Mwanza tunayo ya kutosha.

Naandika hadharani kwa sababu ombi hili linagusa ofisi tatu, na barua ya kawaida ingezunguka kwenye masjala mpaka wino ufifie.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Baiolojia na Jiografia. Kwa miaka mingi mada ya asili ya binadamu imefundishwa Kidato cha Kwanza ndani ya Historia, ikaja kurudi Kidato cha Nne ndani ya Baiolojia. Katikati ya hapo hulala usingizi. Na ikifundishwa, huja na mchoro uleule: kushoto sokwe kainama, anayemfuata kainuka kidogo, wa tatu kashika jiwe, na wa mwisho kulia ni bwana mmoja mrefu anayetembea kama anawahi kikao. Wanafunzi huuchora vizuri sana. Kisha mmoja hunyoosha mkono: mwalimu, kama mtu alikuwa sokwe, mbona sokwe wa Rubondo hawageuki?

Swali lake lina akili kuliko mchoro wenyewe. Sokwe wa Rubondo, kisiwa cha humu ziwani, waliletwa kati ya mwaka 1966 na 1969, 17 kwa idadi, kutoka Ulaya walikokuwa wamefungiwa. Waliachiwa kisiwani bila mtu wa kuwashika mkono, wakajifunza upya kutafuta matunda na kutengeneza viota juu ya miti, na kizazi chao kipo hadi leo. Lakini hawapo safarini kuja kuwa watu. Sisi na wao tuna babu mmoja aliyeishi takribani miaka milioni 6 au 7 iliyopita. Wao walishika njia yao, sisi yetu, na muda wote huo wao pia wamekuwa wakibadilika. Mchoro ule unaonyesha foleni, ilhali kilichotokea ni ukoo uliotawanyika, na matawi yake mengi yameishia njiani.

Hata Zinji, yule kiumbe wa kale tunayemsoma shuleni, ni tawi la namna hiyo. Fuvu lake liliokotwa na Mary Leakey pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, na taifa zima tunamsifu kama babu. Hakuwa babu wa mtu yeyote. Aliishi miaka milioni 1.75 iliyopita, na katika bonde lilelile aliishi Homo habilis: viumbe wawili wa aina tofauti, wote wakitembea kwa miguu miwili, majirani. Ukoo wa Zinji ulikwisha. Homo habilis alitangazwa rasmi mwaka 1964, yaani jambo hili linafahamika tangu kabla mimi sijazaliwa, na bado nakutana na vijana wenye vyeti vya Kidato cha Nne wanaoapa kwamba Zinji ndiye mzee wetu.

Walimu wengi tunaikwepa mada hii, tuambizane ukweli. Kuna wanaoogopa wazazi watakaokuja juu kwamba mwalimu amewaambia watoto wao wametokana na nyani. Mimi huimba kwaya kila Jumapili na sijawahi kuona fuvu likimzuia mtu kusali, kwa hiyo hilo nitaliacha. Sababu kubwa ni kwamba hatuna cha kuonyesha. Miaka milioni mbili haiingii kichwani mwa mtoto wa miaka 14 kwa kuandikwa ubaoni tu. Fuvu la Zinji lipo Dar es Salaam tangu mwaka 1965, makumbusho ya Oldupai yapo ng'ambo ya Serengeti, na nauli ya basi la shule mnaijua.

Kinachoniuma ni kwamba huku tukilia hatuna cha kuonyesha, tumekaa juu yake.

Chukueni furu. Pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, huyu ni samaki wa kuganga njaa, na wengi wetu tumekua tukidhani furu ni furu, basi. Wataalamu wanakadiria kwamba Ziwa Victoria limekuwa na spishi zaidi ya 500 za furu. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono kwa taya za kooni, wapo wanaowala wenzao, na wapo wenye tabia chafu ya kumlazimisha mama wa furu wengine ateme mayai na vifaranga ili wavile, maana mama furu huatamia kinywani. La kustaajabisha zaidi ni umri wao. Udongo uliochimbuliwa kwenye sakafu ya ziwa unaonyesha kuwa ziwa hili liliwahi kukauka, likaanza kujaa tena takribani miaka 15,000 iliyopita. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 umeonyesha pia kwamba mababu wa furu hawa walikuwa machotara, waliotokana na koo mbili za samaki zilizokutana zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Mchanganyiko huo ndio uliowapa malighafi ya kugawanyika haraka namna ile.

Mmoja wao ana jina la Mwalimu Nyerere. Anaitwa Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985. Dume wake ana mgongo mwekundu na huishi chini kidogo, penye miamba. Ndugu yake, Pundamilia pundamilia, ana rangi ya buluu na hukaa juu zaidi. Maji yetu yamejaa tope na mwani, kwa hiyo kadiri unavyozama ndivyo mwanga unaobaki unavyoelemea wekundu. Macho ya furu wa chini yamejengeka kuuona wekundu vizuri, ya wa juu kuuona ubuluu, na jike humfuata dume anayemwona sawasawa. Ndivyo wanavyobaki koo mbili. Lakini mahali ambapo maji yamechafuka sana, jike hatofautishi tena rangi, na koo hizo huanza kuchanganyika upya. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walichapisha habari ya maji machafu na furu mwaka 1997, na kazi kubwa ya utafiti huo ilifanyika papa hapa kusini mwa ziwa. Mtoto wa Mwanza anaogelea juu ya somo hilo kila likizo, halafu akirudi darasani anakaririshwa ndege wa visiwa vya Galápagos.

Yupo furu mwingine, Haplochromis pyrrhocephalus, ambaye kila mvuvi anapaswa kusimuliwa habari zake. Sangara aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950 alipolipuka kwa wingi miaka ya 1980, furu huyu karibu atoweke. Wapo waliotoweka kabisa, na makadirio hutaja spishi 200 hivi. Huyu alirudi. Waliompima baada ya kurudi walikuta eneo la mashavu anayopumulia limeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa maji ya kina yalikuwa yamepungukiwa oksijeni. Badiliko hilo lilichukua kama miaka 20. Wavuvi wa rika langu walikuwepo lilipoanza, na walikuwepo lilipokamilika, wakivuta nyavu.

Mtoto aliyemwelewa furu haulizi tena mbona sokwe hageuki. Anauliza maswali mengine, magumu zaidi, na hayo ndiyo ninayotaka niulizwe.

Nikizunguka pwani ya ziwa hadi upande wa Kenya, mambo yanazidi kunoga. Katika kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, Mary Leakey aliokota mwaka 1948 fuvu la Proconsul, kiumbe asiye na mkia aliyeishi kama miaka milioni 18 iliyopita, zamani kabla ukoo wetu haujaachana na ule wa sokwe. Katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3, zikiwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Mtu au nusu-mtu alikaa pale akichuna kiboko kwa kipande cha jiwe, akala nyama mbichi, maana habari za moto zilikuwa bado mbali. Kilichozua mjadala ni meno mawili ya magego yaliyokutwa hapohapo: ni ya ukoo wa kina Zinji. Tulizoea kusema zana ni alama ya ukoo wetu peke yetu. Huenda jirani naye alikuwa na kisu chake. Na ziwa lenyewe halikuwepo. Umri wake hukadiriwa kuwa miaka 400,000 tu, kwa hiyo mchuna kiboko wa Nyayanga hakuwahi kuliona, seuze mpaka wa Sirari.

Ushahidi mwingine tunatembea nao mwilini. Kwa kawaida mnyama akiachishwa ziwa la mama, tumbo lake hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na watu wazima wengi duniani wapo hivyo. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliowapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470, walionyesha kwamba wafugaji wa huku kwetu wana badiliko lao la vinasaba linaloruhusu mtu mzima kunywa maziwa, tofauti na lile la Ulaya, na walikadiria kuwa lilizuka kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Ng'ombe waliingia, miili ikafuata. Wengine walitatua tatizo hilohilo kwa kibuyu cha maziwa ya mgando, bila kugusa kinasaba chochote. Kuhusu selimundu, ambayo kila mzazi wa Kanda ya Ziwa anaijua kwa machozi, Anthony Allison alionyesha mwaka 1954 kwamba anayerithi nakala moja tu ya kinasaba chake hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho hakijafutika penye mbu wengi. Anayerithi nakala mbili ndiye anayelipa.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni bibi.

Sokwe jike huzaa mara moja kila baada ya miaka mitano au sita hivi, na humlea mtoto peke yake. Akishamwachisha, mtoto anajitafutia. Mtoto wa binadamu huachishwa mapema, na bado hawezi kujilisha kwa miaka mingi, na hapo mama ameshapata mwingine mgongoni. Hesabu haikubali. Nani anamlisha yule mkubwa?

Miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikwenda kukaa na Wahadzabe wa Bonde la Eyasi, watu ambao wengine wao wanaishi Meatu, humuhumu Kanda ya Ziwa. Walifuata wanawake porini wakipima saa za kazi na uzito wa chakula. Waliokuwa wakichimba mizizi kwa saa nyingi kuliko wengine walikuwa vikongwe, wanawake waliokwisha kukoma kuzaa. Na mama alipokuwa na kichanga, afya ya watoto wake wakubwa ilifuata jembe la bibi: bibi akichimba sana, mjukuu anaongezeka uzito. Kutokana na hayo Hawkes na wenzake walitoa hoja kwamba maisha marefu ya mwanamke baada ya kukoma hedhi ndiyo mojawapo ya mambo yaliyotutenga na sokwe. Bibi alimwezesha binti yake kuzaa mapema tena, watoto wakapata utoto mrefu wa kujifunza, na vinasaba vya kuishi miaka mingi vikaendelea kupitia wajukuu hao.

Hoja hii ina wapinzani, na inafaa kuwa nao. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba katika msitu wa Kibale, Uganda, kuna sokwe majike wanaoishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Ila mabinti wao huhamia makundi mengine, kwa hiyo bibi sokwe hana mjukuu wa kumlisha. Kuishi muda mrefu peke yake hakutoshi, lazima awepo pia mtu wa kumpelekea kiazi.

Waheshimiwa, kanda yetu ndiyo iliyojulikana nchi nzima kwa kuua vikongwe. Mnajua ninachokizungumzia: bibi mwenye macho mekundu, anayetajwa kwa mganga, na usiku panga linapita. Macho yale yamekuwa mekundu kwa moshi wa samadi na kuni, kwa miaka ya kupikia watoto na wajukuu. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli, nasi tulishukuru. Polisi wanafanya kazi yao. Elimu yetu je, inafanya nini? Mada ya asili ya binadamu inapita Kidato cha Kwanza na Cha Nne bila kumtaja bibi hata mara moja. Inataja mawe, moto, ukubwa wa ubongo, mwanamume mwenye mkuki. Mtafiti anatoka Marekani kuja Eyasi, anaondoka akiiambia dunia kwamba kikongwe ni sehemu ya kilichotufanya tuwe watu, na mwanafunzi wa Magu hajawahi kuisikia habari hiyo.

Vivyo hivyo kwa wenzetu wenye ualbino, waliowindwa kanda hii kama vile si damu na nyama. Dakika kumi za somo la rangi ya ngozi zingetosha kumwonyesha kijana kwamba wazazi wawili weusi, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja iliyofichika, wanaweza kupata mtoto asiye na melanini ya kutosha, na kwamba yeye anayesikiliza huenda naye ameibeba. Sidanganyiki kwamba somo la Baiolojia litamzuia mtu aliyeahidiwa mamilioni kwa kiungo cha mwenzake. Namfikiria yule jirani anayeona na kunyamaza, kwa sababu moyoni hana hakika kama aliyekatwa ni mtu kamili.

Sasa nirudi kwenye chumba. Nakala ya plasta ya fuvu la Zinji na ya Homo habilis, ziwekwe pamoja, ili mtoto aone majirani wawili. Nakala ya nyayo za kale za Laetoli, kule Ngorongoro, za miaka milioni 3.66, ilazwe sakafuni ili avue viatu na kuweka mguu wake ndani. Nyayo halisi zimefukiwa kwa ajili ya kuhifadhiwa, kwa hiyo kwa watoto walio wengi nakala ndiyo njia pekee. Matenki mawili ya furu, moja la maji safi na taa ya kawaida, jingine la mwanga hafifu, wenzetu wa utafiti wa uvuvi hapa Mwanza wanajua namna ya kuwatunza. Kibuyu cha maziwa. Na fimbo ya kuchimbia mizizi iwekwe mbele kabisa, pale ambapo kwa kawaida huwekwa mkuki.

Kuhusu mahali, nina mapendekezo mawili tu. Kuna vyumba katika majengo ya umma ya jiji ambavyo hutunza viti vilivyovunjika. Au wazee wa Bujora, Kisesa, wenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, waulizwe kama wangekubali kukaribisha kona hii. Ninachosihi ni kwamba isigeuzwe kuwa ya watalii, kwa bei ya dola na maelezo ya Kiingereza. Maelezo yawe ya Kiswahili. Mgeni atatafsiriwa.

Kwa Taasisi ya Elimu: somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa sekondari anaweza kubishana kuhusu mambo haya kwa lugha anayoiota. Uondoeni mchoro wa foleni. Wekeni ukoo wenye matawi, wekeni furu, wekeni bibi wa Eyasi, na elezeni waziwazi lipi limethibitika na lipi bado linabishaniwa. Watoto wanaipenda sana sehemu ya ubishi. Wanachuo wa ualimu pale Butimba waanze na chumba hicho kabla hawajapewa chaki.

Nakala za plasta, matenki, rangi ya ukutani na mshahara wa mhudumu mmoja, sidhani kama vinafika gharama ya semina moja ya hotelini, ila hilo wahasibu wenu watalisema vizuri kuliko mimi. Nipo tayari kuja kulizungumza siku yoyote ya kazi baada ya saa tisa alasiri, vipindi vikishaisha. Walimu wenzangu wachache wamesema watakuja pia, na mmoja wao tayari ana tenki.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Baiolojia na Jiografia
Ilemela, Mwanza